Tiketi ya Parrain

Jumapili, 1 Juni 2025
Asubuhi nyuzi nne. Ukungu mweupe juu ya majani, hakuna upepo.

Leo ni siku ya kumi na sita tangu Keza arudi nyumbani. Nikiamka bado naenda kusikiliza mlangoni kwake kama anapumua, kama nilivyofanya alipokuwa mchanga. Siku hizi ana futi sita na inchi moja, na nyayo zake zinatokea nje ya kitanda.

Baada ya misa Égide alisimama wakati wa matangazo. Égide ana duka la vyakula karibu na stesheni ya Guildford, naye ndiye baba wa ubatizo wa Keza. Sisi Warundi tunasema Parrain. Alisema, "Binti yetu wa chuo kikuu cha Amerika amekuja! Wiki hii anapiga picha za tangazo la kinywaji. Mnaokula ugali wangu, tazameni matunda yake!" Kanisa likapiga vigelegele, na mimi nikapiga.

Naandika kanuni hapa ili nisije nikaichanganya. Keza anacheza mpira wa kikapu na chuo kinamsomesha kwa sababu hiyo. Miaka hii wachezaji wa vyuo vya huko wanaruhusiwa kulipwa na kampuni kwa ajili ya majina na sura zao. Lakini Keza ni mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, na mgeni akifanya kazi hiyo akiwa ndani ya Amerika, viza yake inaingia matatani. Afisa wa kanuni wa chuo aliwaambia wachezaji wa nje: matangazo fanyeni kwenu, wakati wa likizo. Ndiyo maana kampuni ya kinywaji ya hapa Sydney imesubiri hadi Juni. Kila kitu kimefuata utaratibu. Kila kitu.

Jumanne, 3 Juni
Nyuzi sita, mawingu. Kazini, ghalani Wetherill Park, tumehesabu safu ya 14 hadi 22. Hakuna upungufu.

Jumamosi, 7 Juni
Nyuzi tano, jua.

Wapiga picha wamekuja ukumbini Guildford, pale ambapo Mbula anafundisha wasichana kikapu kila Jumamosi. Mbula ni Mkamba, muuguzi wa wazee, na ndiye aliyemfundisha Keza tangu ana miaka kumi. Wasichana wake hawakufanya mazoezi hata dakika moja. Walisimama wote nyuma ya taa wakirekebisha nywele.

"Simu chini! Hii si studio!" Mbula akapiga kelele. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Keza, zamani walikuwa wananiuliza, Coach, nitaruka aje juu zaidi? Siku hizi wananiuliza, Coach, nikuwe na wafuasi wangapi ndio nilipwe? Huyo mdogo ako na miaka kumi na mbili. Hajui hata kupiga pasi na mkono wa kushoto."

"Wakati umebadilika," nikasema.

"Umebadilika, lakini pasi ni pasi."

Jioni Keza alinisaidia kukata vitunguu. Nilimuuliza kama wenzake wa timu wamefurahia tangazo lake. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa. Alisema mwaka wa kwanza walikuwa timu. Sasa kuna msichana mwenye gari alilopewa na kampuni, na wengine wanapanda basi. Mwenye gari hampi mpira yule anayetangaza kampuni shindani. Kocha anaona na hasemi, kwa sababu akisema, msichana atahamia chuo kingine chenye kampuni kubwa zaidi.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi natoa pasi, Mama. Ndiyo maana nina kampuni moja tu." Akacheka. Nami nikacheka.

Alhamisi, 12 Juni
Nyuzi tatu. Barafu kwenye kioo cha gari la jirani.

Chuo kimetuma fomu. Kila mchezaji lazima aijaze kabla msimu mpya haujaanza. Keza aliisoma kwa sauti mezani, kompyuta ikiwa mbele yake na sahani ya ndagala, dagaa wa kwetu, pembeni. Swali la tisa: je, wewe au mtu wa familia yako amepokea fedha, bidhaa, safari au huduma kwa sababu ya jina, picha au sauti yako?

Alinitazama. "Mum, kuna kitu?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Lazima nikuulize, imeandikwa 'familia'."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikasema, "Hakuna."

Akaandika hakuna. Akatia sahihi kwa kidole kwenye kioo, akarudi kwenye ndagala zake.

Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili yafanye kelele. Neno lililonipiga ni safari.

Ijumaa, 13 Juni
Nyuzi nne. Nimehesabu safu ya 9 mara tatu na kupata majibu matatu.

Jumamosi, 14 Juni
Nyuzi saba, mawingu mazito kutoka kusini.

Leo naandika yote, hata kama mkono hautaki.

Mbula alinivuta pembeni ukumbini. "Ile video ya duka la Égide. Keza amevaa jezi ya chuo. Aliirekodi wapi?"

"Chumbani kwake."

"Chumba cha wapi, Mama Keza? Cha hapa ama cha huko?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Aliniangalia kama anavyowaangalia wazee wake wanaposema wamekunywa dawa na hawajanywa.

"Mungu wangu. Na Égide alikupa nini?"

"Yeye ni baba yake wa ubatizo."

"Sijauliza yeye ni nani. Nimeuliza alikupa nini."

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Februari Égide aliniomba salamu fupi kutoka kwa Keza kwa ajili ya ukurasa wa duka. Nilimpigia Keza, akajirekodi bwenini usiku mmoja: "Mimi ni Keza. Nimekua kwa unga wa muhogo wa Parrain Égide, Guildford. Karibuni." Sekunde ishirini na mbili. Sikuiona kama kazi. Niliijua kanuni, lakini nilidhani ni kanuni ya kampuni za Wazungu zenye mikataba na taa. Hii ilikuwa salamu ya mtoto kwa mzazi wake. Kisha Égide akawa analeta gunia la unga na mawese kila mwezi, na mwezi wa Aprili akalipia tiketi ya ndege ya Keza kuja nyumbani. Kwetu mtu akileta kitu humuulizi ni cha nini. Anasema, ni kidogo tu, nawe unasema, Mungu akuzidishie. Mume wangu Anicet alipofariki, miaka sita iliyopita, Égide ndiye aliyenunua jeneza na hakuna aliyeandika popote.

Ila Keza nilimwambia nimelipa tiketi kwa saa zangu za ziada. Sikutaka ajione anasaidiwa.

Nilikwenda dukani moja kwa moja kutoka ukumbini. Égide alikuwa anapima maharage.

"Baba Gloire, naomba muiondoe ile video ya Keza."

"Video gani? Ile nzuri?"

"Inaweza kumletea shida ya viza."

Aliweka kopo chini. "Mama Keza. Unataka kuniambia unga wangu ni bangi?"

"Sio unga. Ni mahali aliporekodi."

"Alirekodi kwa mdomo wake, kwa lugha yake. Hao Waamerika wanasikia Kiswahili?" Wateja wawili wakacheka. Yeye hakucheka. "Kinywaji cha rangi ya bluu anaweza kukitangaza. Unga uliomlea, hapana. Sawa. Nimeelewa."

"Hujaelewa, Baba Gloire."

"Nimeelewa kabisa. Nilipomzika Anicet, picha za mazishi niliziweka kwenye ukurasa huohuo, na hukuniambia niziondoe."

Nilinunua chumvi ambayo sikuihitaji nikatoka. Video: watazamaji 214.

Jumapili, 15 Juni
Mvua tangu alfajiri, nyuzi tisa.

Gloire, binti wa Égide anayeendesha ukurasa wa duka, ameiweka tena ile video juu kabisa, na kando yake picha ya Keza na chupa ya bluu. Sijui kama ni baba yake aliyemtuma au ni furaha tu. Kanisani Égide alinipa mkono wa amani bila kunitazama. Watazamaji 1,370.

Jumatano, 18 Juni
Mvua. Simu ya Keza ikilia, nawahi kuangalia ni nani. Ilikuwa saluni. Watazamaji 2,905.

Ijumaa, 20 Juni
Mvua imekatika, upepo. Mtu ameandika maoni chini ya video, kwa Kiingereza: "Si anasoma Amerika huyu? Wanaruhusiwa?" Jina lake silijui. Picha yake ni ya mbwa. Nimeitazama picha ya mbwa huyo mpaka macho yameuma.

Jumapili, 22 Juni
Nyuzi nne, anga safi, baridi kavu.

Sikwenda misani. Nilisema kichwa kinaniuma.

Keza alipotoka kukimbia nilitoa daftari la mwanzo wa mwaka. Nilitaka kuona niliandika nini, kwa sababu tangu juzi nimekuwa nikijiambia kwamba Égide hakuahidi kitu, kwamba tiketi ilikuja miezi miwili baadaye, yenyewe, kama zawadi zinavyokuja. Tarehe 9 Februari, kwa mwandiko wangu: "Égide anaomba Keza atume salamu kwa ajili ya duka. Amesema, mtoto akisema neno, tiketi yake ya kurudi nyumbani ni juu yangu. Nimekubali. Mungu amjalie."

Nilishika ukurasa kwa vidole viwili. Daftari limeshonwa katikati. Ukichana ukurasa wa Februari, wa Januari unalegea na kuanguka, na mtu yeyote anaona kuna kitu kimetolewa. Hilo ndilo lililonizuia. Sitaandika kwamba ilikuwa dhamiri.

Keza aliporudi, jasho likimtoka, nikamwambia akae. Nilimwambia kila kitu, bila kuruka. Alisikiliza akiwa ameshika kiatu kimoja.

"Tiketi," akasema.

"Ndiyo."

"Ulisema ni saa za ziada."

"Nilisema."

"Nilitia sahihi, Mum. Nilikuuliza, ukasema hakuna, nikatia sahihi." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Unajua ni wangapi wanaitaka nafasi yangu? Siyo nafasi ya kucheza. Nafasi ya kwenye picha. Wakiiona hiyo video, hawahitaji kunishinda uwanjani."

Akaingia chumbani na kiatu chake kimoja.

Jumatatu, 23 Juni
Nyuzi tatu. Keza ametoka kukimbia mapema. Amekula akiwa amesimama.

Jumanne, 24 Juni
Nyuzi tatu tena. Nimemsikia usiku akitembea. Watazamaji 4,118.

Jumatano, 25 Juni
Nyuzi tano, mawingu.

Alinisubiri nitoke kazini, amesimama uani na koti la baba yake. Alisema ameshamwandikia afisa wa kanuni. Ameomba kurekebisha fomu. Ameeleza video na tiketi.

"Ungesubiri kidogo," nikasema. "Ungempa Mbula aisome kwanza."

"Nimesubiri siku tatu, Mum. Kila siku nilikuwa najiuliza ni nani ataiona kwanza. Siwezi kucheza hivyo. Nikipiga mpira nitakuwa nawaza yule mbwa."

Kumbe naye amemwona yule mbwa.

Chuo kinataka kutusikiliza kwa video: Keza, mimi na Égide. Tarehe mbili Julai, saa kumi na mbili asubuhi kwetu, saa kumi jioni kwao.

Ijumaa, 27 Juni
Nyuzi sita. Nimekwenda kwa Égide kumwomba aje. Nilidhani atakataa. Alisema, "Nitavaa suti." Kisha akasema, "Usiogope, Mama Keza. Nitawaambia ni zawadi. Nani atabisha?" Alinigusa bega. Toka hapo ndipo nimeogopa zaidi.

Jumatatu, 30 Juni
Upepo wa magharibi, nyuzi nne. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 2 Julai
Giza bado wakati wa kuanza. Mvua kubwa, tufani ya pwani. Mti umeanguka mtaa wa pili.

Tuliketi watatu upande mmoja wa meza ili tuenee kwenye kioo. Égide katikati, suti ya kijivu, harufu ya naftalini. Upande wa pili afisa wa kanuni, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na mwanasheria ambaye hakusema ila jina lake. Upole wa yule mama ndio ulionitisha. Hakimu mkali unajua atakuuma wapi.

Alimuuliza Keza tarehe, chumba, simu aliyotumia. Keza alijibu kama anavyopiga mipira ya adhabu, mmoja mmoja, akipumua katikati.

Akamgeukia Égide. "Bwana, tiketi ilikuwa ni malipo ya video?"

"Hapana. Mimi ni baba yake katika Kanisa. Baba hamlipi mtoto. Baba anampa." Alisema kwa Kiingereza chake cha dukani, kifua mbele. Na nilipomsikiliza niliona kwamba haoni kama anasema uongo. Kwake yeye kweli ni zawadi. Angeweza kumpa hata bila video. Angeweza pia kutompa.

Kisha jina langu. "Mama, kabla video haijarekodiwa, kuna mtu aliyeahidi kitu chochote?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la gereji. Nilijua kwamba neno "hapana" linatosha. Daftari lilikuwa chini ya nguo zangu na hakuna duniani aliyelijua. Mguu wa Égide ulinigusa chini ya meza. Keza hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake, na nikaelewa kwamba hataniokoa wala hatanilazimisha. Ameniachia.

Nilifikiria kusema hapana. Nikafikiria miaka miwili ya chuo iliyobaki, na kila usiku ndani ya miaka hiyo nikimngoja mtu mwenye picha ya mbwa.

Nikasema, "Ndiyo. Aliahidi tiketi. Niliandika siku hiyohiyo. Mtoto hakujua. Nilimwambia nimelipa mimi."

Yule mama aliandika kwa muda mrefu. Mwanasheria akainua uso mara ya kwanza. "Asante," akasema yule mama. Hakuna kingine.

Kioo kilipozimika Égide alisimama akafunga vifungo vya koti, vyote vitatu. "Umenifanya mwongo mbele ya Wazungu, Mama Keza."

"Baba Gloire..."

"Chai yako nitakunywa siku nyingine."

Alitoka mvuani bila mwavuli. Keza aliosha vikombe ambavyo havikutumika.

Alhamisi, 3 Julai
Mvua. Video imeondolewa. Sikuomba mara ya pili.

Jumanne, 8 Julai
Nyuzi tano. Hakuna habari.

Ijumaa, 11 Julai
Nyuzi nne. Hakuna habari. Kampuni ya kinywaji imeuliza kama ni kweli huenda Keza hatacheza. Wamejuaje?

Jumatatu, 14 Julai
Nyuzi mbili, baridi kuliko zote mwaka huu. Kampuni imesitisha. Mkataba unasema wanamlipa akiwa uwanjani. Picha za ukumbini hazitatoka. Mbula amesema wasichana wake wamelia, kisha wamefanya mazoezi saa nzima bila simu, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. "Usinielewe vibaya," akasema. "Namwombea Keza. Lakini nimesema nilichoona."

Jumamosi, 19 Julai
Nyuzi saba, jua dogo.

Barua imefika saa moja asubuhi. Keza aliisoma kimya, kisha akanisomea kwa sauti, akitafsiri polepole, jambo ambalo halifanyi.

Udhamini wa masomo unabaki. Atakaa nje mechi sita. Thamani ya tiketi itolewe kwa shirika la hisani. Kuhusu viza, chuo hakiwezi kumsemea afisa wa mpakani. Mwanasheria ameandika maelezo ya yaliyotokea, Keza ayabebe. Anaweza kupita, anaweza kusimamishwa, hakuna wa kumwahidi.

"Si habari mbaya," Keza akasema.

Nilimkumbatia. Tangu leo hofu yangu ina anwani. Zamani ilikuwa kila mahali, kwenye simu, kwenye mbwa. Sasa imesimama kwenye dirisha moja la kioo ambalo sijawahi kuliona, na mtu nyuma yake.

Jumapili, 27 Julai
Nyuzi sita. Égide hakuimba na kwaya leo. Alikaa nyuma. Nilitaka kumwendea, nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Jumamosi, 2 Agosti
Upepo wa magharibi, mkavu, vumbi machoni. Keza anafungasha. Anapunguza, anaongeza.

Jumatano, 6 Agosti
Upepo. Nimeota nimehesabu watu kwenye foleni na mmoja hayupo.

Jumamosi, 9 Agosti
Nyuzi nane, upepo umetulia usiku. Anga safi kabisa.

Tulipanga kupanda treni. Saa kumi na mbili na nusu gari la duka likasimama nje. Égide alishuka, akachukua begi kubwa mkononi mwa Keza, akaliweka nyuma. Hakuniamkia. Aliniambia tu, "Kaa mbele. Huko nyuma kuna magunia." Njia nzima alizungumza na Keza kupitia kioo, kuhusu magoti, kuhusu kula. Kwenye uwanja wa ndege alimbariki kwa kidole gumba kwenye paji la uso, kama siku ya ubatizo, kisha akaenda kusimama mbali akajifanya anasoma ratiba ya ndege.

Pale kwenye kamba ambapo wasafiri wanaachana na wenzao, nilimshika mkono. "Ile barua, iweke kwenye begi la chini. Wasipouliza usiitoe."

"Mum. Wewe ndiye uliyesema kweli mbele ya mwanasheria."

"Ile ilikuwa siku ile. Leo naogopa."

"Na mimi naogopa," akasema. Alisema kwa Kiswahili. "Lakini nitaitoa mwenyewe. Wakiikuta wao itakuwa kama fomu ile."

Aliinama ili nimfikie. Akaenda. Kichwa chake kilionekana juu ya wengine mpaka mwisho.

Ndege inatua Los Angeles saa tano na nusu usiku wetu. Nimefua, nimepiga pasi, nimeosha jiko ndani na nje. Naiacha kalamu hapa, simu iko mezani.

Jumapili, 10 Agosti
Nyuzi sita. Umande. Ndege wanapiga kelele kwenye mti wa jirani.

Saa sita usiku ujumbe: "Tumetua." Baada ya hapo hakuna. Saa saba hakuna. Saa nane nilimwandikia, alama ikabaki moja, ujumbe haukufika. Saa tisa nilipiga, simu imezimwa. Nilikaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, kwa sababu friji inanguruma na nilitaka kitu kinachonguruma. Saa kumi, saa kumi na moja. Kukapambazuka. Nilisema sala zote ninazozijua, na nilipozimaliza nikahesabu vigae.

Saa mbili kasoro dakika kumi simu ikalia.

"Mama, wananirudisha."

"Uko wapi?"

"Kwenye chumba cha kusubiri, kiwanjani. Wameninyang'anya simu saa nyingi, ndiyo wamenipa sasa hivi. Usilie."

"Silii. Wamekutendea vibaya?"

"Hapana. Wamenipa biskuti. Afisa alisoma barua yote. Aliniuliza kama ni mimi niliyecheza nusu fainali mwezi wa tatu, alikuwa ameniona kwenye televisheni. Alisema nilicheza vizuri sana. Kisha akagonga muhuri." Nikasikia anavuta pumzi. "Hawakunipiga marufuku, Mama. Nimeruhusiwa kuondoa mwenyewe ombi langu la kuingia na kurudi, niombe viza upya. Labda miezi sita, labda mwaka. Kocha anajua tayari. Nafasi yangu anampa mwingine."

"Mwenye gari?"

"Mwenye gari." Akacheka kidogo. "Umenikasirikia kwa sababu niliitoa barua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa limefika ulimini.

"Hapana," nikasema. "Hizo biskuti ulikula ngapi?"

"Zote."

Anafika kesho, Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimempigia Égide. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, hakusema halo. Alisema, "Inatua saa ngapi?" Nikamwambia. "Nitakuwa nje kwako saa kumi na moja," akasema, akakata.

Kengele ya misa ya kwanza imepita na sikwenda. Tangu tarehe 12 Juni nimekuwa nikilala kama mlinzi, jicho moja na sikio moja. Sasa hakuna simu ninayoingoja. Mtoto amepoteza mwaka, huenda na zaidi ya mwaka, na aliyempotezea ni mimi. Hilo nitaamka nalo, na najua litakuwa zito. Lakini limeshatokea, lina umbo, nimelisikia kwa sauti yake. Nimetandika kitanda chake na kusogeza kiti miguuni, kwa ajili ya zile nyayo. Nimevuta pazia, jua linapita bado.

Saa tatu na robo asubuhi. Nalala.